Kerezo la Hosiyat

Hosiyat alikuwa na miaka arobaini na tisa alipotangaza kwamba atajifunza kukereza mbao, na mtaa mzima ukapata cha kutafuna kwa wiki mbili. Wapo waliosema huzuni imempanda kichwani. Wapo waliosema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba mwanamke akichoka kuuguza mume hutafuta mashine ya kumpigia kelele. Binadamu hakosi la kusema, hasa akiwa amekaa kivulini na chai yake mkononi.

Mtaa wenyewe, huko Margilan, uliishi kwa beshiki, vile vitanda vya kubembea ambamo watoto wachanga wa bonde zima hulazwa na kufungwa vitambaa kabla hawajatimiza siku arobaini. Wanaume walikereza nguzo na fito kwa mti wa mforosadi, wakazipaka nyekundu na manjano. Wanawake walishona magodoro na mikanda. Nyumbani kwa Hosiyat mambo yalikwenda hivyo kwa miaka ishirini na minane. Mumewe Turgun alikereza katika chumba cha uani, kwenye kerezo, mashine ya mota inayozungusha mti huku patasi ikiuchonga, yeye akashona barazani, na binti yao wa pekee, Sanobar, alipozaa huko Andijan alikoolewa, alipelekewa beshiki ambayo hakuna mikono mingine iliyoigusa ila ya wazazi wake.

Kisha ikaja Januari ile. Baridi ilikuwa ya kupasua ndoo, na Turgun alikuwa akikohoa. Hosiyat akamshonea joho la pamba, zito, lenye mikono mirefu iliyopita vidole kama wapendavyo wazee. "Vaa," alimwambia, "usije ukanifia kwa kikohozi." Turgun akavaa, akaenda kazini. Adhuhuri Hosiyat alisikia mota ikibadilisha sauti, ikiguna kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Alipofika, mkono wa joho ulikuwa umejizungusha kwenye nguzo ya beshiki, na mkono wa Turgun ulikuwa ndani yake.

Hospitali walimkata kiganja cha kulia, juu kidogo ya kifundo. Huko huko wakagundua ana sukari, tena ya siku nyingi. Kidonda kikawa kinafunga na kufunguka. Alipokuwa bado amelazwa, mdogo wake Egamberdi, mtu mwenye moyo mzuri na akili ya haraka mno, alikuja na shoka akalivunja lile kerezo, akauza chuma chake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alidhani kaka yake hatapenda kuliona tena. Hakumuuliza.

Turgun aliporudi nyumbani aligeukia ukuta. Hakuenda msikitini, hakuenda kwenye mkahawa wa chai, hakutaka kuonana na wenzake wa mtaani. Alilala, akaamka, akanywa maji, akalala. Miguu ilianza kumvimba, na Hosiyat akasema ni kwa sababu ya kulala sana. Miezi ikapita hivyo mpaka majani ya mforosadi yakavunwa yote kwa ajili ya viwavi wa hariri.

Sasa tuseme kweli. Hosiyat hakutaka kuwa mkerezaji. Alitaka mumewe ageuke kutoka ukutani, basi. Alimjua vizuri: katika maisha yake yote Turgun alivumilia njaa, jeshi, na mama mkwe mwenye ulimi wa wembe, lakini hakuwahi kuvumilia kuona mtu akikereza vibaya.

"Baba Sanobar," alimwambia asubuhi moja, "nimeuza ndama."

"Umefanya vizuri," ulijibu mgongo.

"Nataka kununua kerezo."

"La nani?"

"Langu."

Turgun alicheka, kicheko kikavu. "Wewe? Wewe karoti za pilau tu zinakukata vidole."

"Basi nitakatika. Jumapili nakwenda sokoni, Egamberdi atanichagulia."

"Egamberdi!" Turgun aligeuka, mara ya kwanza tangu masika kugeuka bila kuombwa. "Egamberdi atakununulia mashine ya kusaga nyama akuambie ni kerezo. Na wewe utashukuru!"

"Sasa nifanyeje? Kuna mwingine wa kunipeleka?"

Turgun alimtazama mkewe. Nyusi zake zilikuwa zimeota kama magugu. "Lete viatu nivijaribu," alisema. Viatu havikuingia kwa uvimbe, akavaa kandambili za mpira. Hosiyat alipoinama kumvalisha aliuficha uso, kwa sababu alikuwa anatabasamu na hakutaka aonekane ameshinda.

Jumapili Egamberdi aliwachukua kwa pikapu yake hadi kwenye soko la mashine. Hosiyat alijifunga kitambaa kipya. Mwuzaji wa kwanza, bwana mnene mwenye meno ya dhahabu, aliwaonyesha kerezo dogo jekundu kutoka China, bado lina nailoni yake.

"Hili ni bibi harusi, mzee. Halijaguswa. Unaliweka hata mezani, jikoni, unakereza huku supu inachemka."

"Shika hapa," Turgun alimwambia mkewe, akimwonyesha kwa kidevu ule mhimili unaozungusha mti. "Tikisa. Unasikia nini?"

"Kitu kinagonga ndani. Kama jino bovu."

"Jipya, na tayari lina jino bovu. Na urefu? Mtaimbo wa juu wa beshiki unaupitisha wapi hapa?"

Mtaimbo huo ndio ufito mrefu unaopita juu ya kitanda toka kichwani mpaka miguuni, ambao mama huushika kubembeza. Mwuzaji hakubabaika. "Unakereza vipande viwili, mzee, unaviunga kwa gundi."

"Na mtoto akianguka, naye utamuunga kwa gundi?"

Walicheka waliokuwa karibu. Mwuzaji akawavuta kwenye kerezo jingine, jitu la kiwandani lililofika kifuani mwa Hosiyat. "Basi hili. Hili ni la wanaume."

"Liwashe. Mwendo wake wa chini kabisa."

Lilipowashwa watu wa kibanda cha pili waligeuka. Kitambaa cha Hosiyat kilipepea.

"Huo ndio wa chini?" aliuliza Turgun.

"Kwa fundi ni wa chini."

"Huyu ni mwanafunzi. Ubao wake wa kwanza hauko duara, una pembe nne. Kwa mwendo huo utamvaa usoni."

"Aa, mzee! Tangu asubuhi hili bovu, lile bovu." Meno ya dhahabu yalionekana yote. "Mchagua jembe si mkulima."

Turgun alikitoa kigutu chake ndani ya mfuko wa koti, akakiweka juu ya mashine, mbele ya yule bwana. Kilikuwa kimefungwa bendeji yenye doa. "Mimi nilikuwa mkulima," alisema. "Siku moja jembe ndilo lililonichagua." Mwuzaji aliomba radhi, akaanza kupangusa mashine iliyokuwa safi.

Kerezo la tatu walilikuta mwisho wa safu, chini ya turubai. Kichwa chake kilitoka katika karakana ya shule iliyofungwa, na mkerezaji fulani, Mungu amrehemu, alikuwa amekipachika juu ya kitanda kirefu cha chuma, kikasimama kwenye miguu minene ya mbao. Mtaimbo ungepita na nafasi ikabaki. Hosiyat aliliegemea kwa nyonga, halikusogea. Akatikisa mhimili, hakusikia kitu. Akamwambia mwenye mali aliwashe kwa mwendo wa chini, na kipande cha mti kikazunguka taratibu hata jicho la ubao likaonekana likienda na kurudi.

"Swichi iko wapi?" aliuliza Turgun.

Hosiyat alinyoosha mkono kuizima. Ilibidi aupitishe juu ya mti unaozunguka. Aliganda nusu njia, na wote watatu wakautazama mkono wake pale ulipokuwa.

"Rudisha mkono," Turgun alisema kwa upole. "Swichi itakaa mbele, kwenye paja. Nitaihamisha mwenyewe."

Ila kulikuwa na jambo jingine ambalo Hosiyat aliliona na hakulisema. Kila kerezo la mtaa wao hukatwa kwa kimo cha mwenyewe: mhimili sawa na kiwiko, usipande wala usishuke, na mtu hatumii la mwenziwe kama asivyotumia kofia yake. Turgun alikuwa mtu mrefu. Aliposimama pale kukagua mkanda, akakunja mkono, kiwiko chake kilikaa sawasawa na mhimili kana kwamba marehemu yule alimpima yeye. Kwa Hosiyat lilikuwa refu mno, karibu limfike kwapani.

"Nachukua hili," alisema papo hapo.

"Refu kwako, shemeji," Egamberdi alinong'ona.

"Nitasimama juu ya ubao. Wewe kazi yako gari."

Njia nzima alikuwa akilirudia moyoni lile neno la mumewe, kwamba ataihamisha mwenyewe. Alikwisha panga kila kitu: atajifunza kidogo, atakereza vibaya sana, Turgun hatavumilia, ataishika patasi kwa mkono wa kushoto, na kigutu kitaegemea juu yake. Kule Rishtan palikuwa na mkerezaji wa vidole vitatu, na beshiki zake ziliuzwa. Mtu ana mkono mmoja mzima na miaka hamsini na sita tu, kwa nini asirudi?

Siku tatu Turgun alifanya kazi. Alihamisha swichi kwa mkono wa kushoto, akitukana bisibisi. Alitia mafuta, akabadilisha mkanda. Alikula mkate wa moto na vitunguu, akaulizia kama kuna nyama. Hosiyat alimpigia simu Sanobar, akalia kwa furaha. "Baba yako amerudi, mwanangu. Jana amenigombeza mara nne."

Jumatano Turgun alimwambia asimame wima, akunje mkono. Akashusha uzi kutoka kwenye kiwiko chake hadi sakafuni, akaukata kwa meno. Hosiyat akadhani ni mambo ya mafunzo.

Alhamisi alikwenda kwa jirani kuoka mkate. Aliporudi na beseni kichwani alisikia msumeno. Egamberdi alikuwa amelishikilia kerezo lililoinuliwa ubavu mmoja juu ya matofali, na Turgun ameketi chini, anakata mguu mmojawapo kwa mkono wa kushoto. Ule uzi ulikuwa shingoni mwake.

"Mnafanya nini?"

"Tunashusha," alisema Turgun.

"Acha! Acha, mwanamume wewe! Nimekwambia nitasimama juu ya ubao."

"Ubao huteleza."

"Kwa kimo hicho utavunjika mgongo. Utafanyaje kazi hapa?"

Msumeno uliendelea. Egamberdi hakuinua uso. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye ndevu, hana mkono wa kuyafuta.

"Baba Sanobar. Nakuuliza wewe. Utafanyaje kazi hapa?"

Turgun aliuacha msumeno ndani ya mti. "Figo, mama," alisema. "Tangu Machi daktari aliniambia. Na moyo nao hauwezi ile mashine ya kusafisha damu. Alisema miezi, ikizidi sana mwaka."

Hosiyat alimgeukia shemeji yake. "Na wewe ulijua? Umekula mkate wangu, umekunywa chai yangu, ukanitazama usoni nikicheka sokoni kama mwehu, na ulijua?"

"Aliniapisha, shemeji. Wallahi aliniapisha kwa Kurani."

"Mwache," alisema Turgun. "Nilitaka kulala tu mpaka ziishe. Halafu ukaja na wazimu wako wa ndama. Nikasema, kama kweli ataishika kazi hii nisipokuwepo, basi asiishike kwenye kerezo la mtu mwingine. Shika mguu huu, Egamberdi anatetemeka, nitakata upogo."

Hosiyat alibaki na beseni lake kichwani. Ndipo likamtoka lililokaa kifuani tangu Januari. "Ile mikono ya joho. Niliona ni mirefu. Niliona, Baba Sanobar, nikasema nitaipunguza kesho."

"Hata mimi niliiona," alisema Turgun. "Nikaikunja, ikakunjuka. Mkerezaji wa miaka thelathini na tano. Ungekuwa mwanafunzi wangu umefanya vile ningekuchapa kofi." Akafuta pua kwa bega. "Shika basi."

Hosiyat akaweka mkate chini, akapiga magoti, akaushika mguu wa kerezo. Alitaka kuupiga teke, alitaka kuuvuta msumeno na kuuvunja. Aliushika kwa mikono miwili, ukatulia, na mumewe akakata mpaka ukaisha, kisha wakaanza wa pili.

Vuli yote Turgun alimfundisha. Alikaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, macho amefumba.

"Patasi iko juu. Shusha."

"Umejuaje, umefumba macho?"

"Inapiga mluzi. Na hiyo nguzo uliyoacha pale ni nguzo ya beshiki au mguu wa mbuzi mgonjwa?"

"Mbuzi mgonjwa."

"Itupe motoni, angalau tupate chai."

Walicheka, naam, katika nyumba ile walicheka, lakini mtu asikudanganye kwamba kicheko ni dawa. Turgun alikuwa akinuka kifo, na wote wawili walikuwa na pua. Nguo zote za Hosiyat zilikatwa mikono kwenye viwiko, hata ile ya hariri ya kuendea harusini, na Turgun mwenyewe ndiye aliyesimamia kila mkato. Theluji ilipoanguka hakuweza tena kufika uani, akawa anamsikiliza kutoka kitandani, mlango wazi, baridi ikiingia. Alipokosea aligonga ukuta.

Februari, Hosiyat akiwa katikati ya mtaimbo wake wa kwanza, alikosea, akaijua sauti ya kosa, akasubiri. Ukuta haukugongwa. Alizima mashine na kwenda kumwangalia.

Wakamzika kabla ya alasiri. Siku tatu moto haukuwashwa jikoni, majirani walileta chakula. Siku ya nane mtaa ulisikia mota ikianza. Lo, ulimi! Mzee Hoshim, mkubwa wa wakerezaji, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni na fimbo yake, kifua mbele.

"Hosiyat, binti yangu, aibu. Hata arobaini ya mumeo haijaisha."

"Ya mtoto mchanga wa jirani yetu Zebiniso nayo haijaisha, mzee," alijibu bila kugeuka. "Yake inaisha Jumanne, na babu yake aliagiza beshiki kwa Turgun. Je, nimwambie alazwe sakafuni?"

Mzee Hoshim alisimama, akausikiliza mti, akaondoka. Hakurudi tena na neno hilo. Jumanne beshiki ilichukuliwa, ina mtaimbo uliopinda kidogo upande wa miguuni, na mtoto akalala humo.

Imepita miaka minne. Hosiyat sasa ana kazi nyingi kuliko anazoweza, na wale waliomcheka huwatuma wake zao kuulizia rangi zake anazinunua wapi. Jioni wakerezaji wanapotoka nje hujinyoosha wakishika viuno, huyu analalamika mabega, yule uti wa mgongo. Yeye hana pa kushika. Mhimili uko sawa na kiwiko chake, hata unene wa kidole hakuna uliozidi, na anaweza kukereza kutwa nzima mwili usijue kama umefanya kazi. Analichukia kerezo lile kwa sababu hiyo hasa. Wanawake wakimwuliza kama angepata kuchagua tena angechagua lipi, hawaelewi anapowaambia angechukua lile lile na kuliacha na urefu wake, asimame juu ya ubao unaoteleza, mabega yamuwake moto kila usiku, na katika chumba cha pili awepo mwanamume mrefu anayesubiri zamu yake.